Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya Ziwa Natron: mito ipimwe kabla ya vibali

Kwa wenye dhamana ya maji, mazingira, wanyamapori na madini katika Serikali ya Tanzania na Serikali ya Kenya. Bodi ya Maji ya Bonde la Kati, Singida. Halmashauri za Wilaya za Longido, Ngorongoro na Monduli. Serikali za Kaunti za Narok na Kajiado.

YAH: VIPIMO VYA MITO INAYOLISHA ZIWA NATRON

Waheshimiwa,

Tunawaandikia kuhusu maji. Heroe (flamingo) wamo humu, magadi yamo, mabwawa na mashamba yamo, lakini vyote vinasimama juu ya swali moja: maji kiasi gani yanaingia Ziwa Natron, mwezi upi, kutoka mto upi? Tunaomba swali hilo lijibiwe kwa vipimo, pande zote mbili za mpaka, kabla ya kutia saini kibali kingine chochote kikubwa cha kuchota, kuzuia au kuhamisha maji hayo.

Natron limelala kaskazini mwa Tanzania, sakafuni mwa Bonde la Ufa, mita 600 hivi juu ya usawa wa bahari, katikati ya nyika kavu ya majani mafupi na migunga. Magharibi limeegemea ukuta wa bonde. Kusini umesimama mlima Oldoinyo Lengai, mita 2,962. Kusini mashariki Gelai, mita 2,942. Kaskazini, ng'ambo ya mpaka, upande wa Kenya, mlima Shompole. Likijaa lina urefu wa kilomita 57 hivi na upana wa kilomita 22, lakini kina chake hakizidi mita 3, na sehemu pana mtu mzima angesimama maji yakamwishia gotini. Anayetaka kulielewa alifikirie kama sinia. Mimina kikombe kimoja cha maji kwenye sinia, yatatandaa mpaka ukingoni. Kiondoe kikombe hichohicho, sinia limekauka. Kipimo kinachoonekana kidogo ofisini ni kilomita nyingi za ufuo huku chini.

Ziwa halina mlango wa kutokea. Maji huingia kwa mito, chemchemi na mvua, kisha huondoka kwa njia moja tu, ya kuvukizwa na jua na upepo. Mchana joto hupita nyuzi 40. Mvua nyingi hunyesha kati ya Desemba na Mei, tena kwa kushtukiza, na kiasi ambacho jua linaweza kuvukiza kwa mwaka ni mara kadhaa ya mvua yote inayoanguka. Kila tone linalopanda angani linaacha chini chumvi lililokuja nayo. Hapo ndipo yanapotoka magadi.

Anayetia magadi kwenye maharage ili yaive upesi, na mzee anayeyachanganya kwenye ugoro, wanaijua chumvi hii kwa mkono. Ni sodiamu kaboneti na sodiamu baikaboneti zilizoganda pamoja na maji ndani yake. Asili yake ni miamba ya volkano iliyojaa sodiamu. Maji yanapopita humo huichukua; kalsiamu kidogo iliyopo huganda mapema na kubaki njiani, kinachofika ziwani ni magadi. Oldoinyo Lengai wenyewe ndio volkano hai pekee duniani inayojulikana kutoa lava ya namna hii ya magadi. Lava hiyo hutoka na joto la nyuzi 500 hadi 600, karibu nusu ya lava ya kawaida, inatiririka nyeusi, na ikikutana na unyevu wa hewa hugeuka nyeupe kama chokaa ndani ya muda mfupi. Zamani sana, hali ya hewa ilipokuwa na mvua zaidi, Natron na Ziwa Magadi la Kenya yalikuwa ziwa moja, na alama za ufuo wake bado zinaonekana kwenye mawe makumi ya mita juu ya maji ya leo.

Kiangazi uso wa Natron hukaza ganda. Ukiinama utaona limepasuka vipande vyenye pembe tano, pembe sita, na kingo za kila kipande zimejikunja juu kama chapati iliyoachwa juani. Chini ya ganda kuna tope jeusi laini lenye harufu ya yai viza, na kati ya ganda na tope hukaa maji mazito, mekundu au ya waridi kwa sababu ya vijidudu vinavyopenda chumvi. Ukali wa magadi katika maji hayo hufika pH 10 na zaidi, kwa hiyo huchubua ngozi. Mwaka 1954 Leslie Brown, ofisa wa kilimo wa Kenya aliyekuwa bingwa wa ndege, aliona heroe wakiwa viotani katikati ya ziwa, akajaribu kuwafikia kwa miguu juu ya tope. Hakuwafikia, na miguu yake iliungua vibaya hata akalazwa hospitali. Tope lililomrudisha yeye ndilo linalomrudisha fisi.

Hapa tuseme jambo linalotuuma. Tangu 2013 zimesambaa picha za ndege waliokauka na kupakwa magadi, na watu wengi wameaminishwa kwamba Natron hugeuza viumbe kuwa mawe. Ndege wale walikuwa wameshakufa. Magadi yaliwakausha na kuwahifadhi kama chumvi inavyohifadhi ng'onda, na mpiga picha akawasimamisha. Tunaliona kosa hili kuwa kubwa kwa sababu ziwa likishaitwa mfu, ni rahisi kusema kwamba kulipunguzia maji hakumdhuru mtu. Natron si ziwa mfu. Kwenye chemchemi za moto pembezoni mwake wanaishi samaki wa jamii ya perege wa spishi tatu za jenasi Alcolapia, ambao makazi yao duniani ni maji haya ya Natron na Magadi tu. Mwani wa kijani-buluu, ule ambao watu huuza mijini kwa jina la spirulina, hustawi kwenye maji ya magadi, na ndio chakula cha heroe mdogo.

Sasa mito. Mkubwa ni Ewaso Ng'iro. Tafadhali andikeni kila mara Ewaso Ng'iro Kusini, maana Kenya ina miwili: wa kaskazini hutoka upande wa Aberdare na Mlima Kenya kwenda kinamasi cha Lorian, na wa kusini hutoka kwenye misitu ya Mau, ukapita nchi ya Narok, ukateremka bondeni na kuishia Natron. Takwimu za mto mmoja zikiingia kwenye taarifa ya mwingine, hesabu yote ya ziwa imeharibika. Kabla ya kufika ziwani mto hupita kwenye kinamasi cha Shompole, ambacho hupunguza kasi yake na kukamata tope. Upande wa Tanzania huingia Peninj, Moinik na Engaresero. Mito hii ni midogo, lakini kila mmoja unapokutana na magadi hutengeneza kona ya maji yasiyo makali, na humo hujaa ndege wa maji, nyati wa zamani walikunywa humo na ng'ombe wa leo wanakunywa humo.

Tufanye hesabu pamoja, maana ndiyo moyo wa barua hii. Mtiririko wa mita 1 ya ujazo kwa sekunde ni mita za ujazo 86,400 kwa siku, sawa na milioni 31.5 kwa mwaka. Tuseme ziwa linapoteza kwa kuvukizwa mita 2 kwa mwaka, baada ya kutoa mvua iliyoanguka juu yake. Gawanya milioni 31.5 kwa 2: unapata mita za mraba milioni 15.8, yaani kilomita za mraba karibu 16. Maana yake, kila mita 1 ya ujazo kwa sekunde inayofika Natron mwaka mzima inabeba kilomita za mraba 16 za maji ya wazi. Iondoe kwa mabanio ya umwagiliaji na mabomba, na baada ya muda kilomita hizo 16 zitakuwa ganda kavu. Haziondoki kwa usawa pia. Kwa kuwa sakafu ni bapa, zinaondoka pembezoni, na pembezoni ndiko kuna mtaro.

Tunaita mtaro ule ukanda wa maji mafupi na tope laini unaozunguka sehemu ya kati ambako heroe hutaga. Afrika Mashariki ina takriban robo tatu ya heroe wadogo wa dunia nzima. Wanakula Nakuru, Bogoria, Manyara na kwingineko, lakini mahali wanapozaliana kwa uhakika ni hapa pekee. Kiota ni kichuguu cha tope la magadi, urefu wa sentimita 30 hivi, juu kimebonyea kama sahani, na ndani yake kuna yai moja. Yai huatamiwa siku 28. Baada ya wiki moja kifaranga hushuka na kujiunga na kundi la wenzake, makumi ya maelfu, wakitembea pamoja juu ya ganda kufuata maji, na huruka akikaribia siku 70 hadi 75. Kuanzia kutaga mpaka kuruka ni zaidi ya miezi mitatu, na kwa miezi yote hiyo mtaro unatakiwa uwepo. Ukikauka mapema, ganda hukaza kiasi cha kubeba fisi na mbweha. Maji yakipanda sentimita 30, viota viko chini ya maji. Yakipanda kidogo tu lakini yakawa matamu, ganda lililobeba viota huyeyuka.

Kwa hiyo hatuombi maji mengi kwa jumla. Tunaomba maji yanayokuja kwa majira yake. Ushahidi wa upande wa pili wa mizani upo: baada ya mvua kubwa za 1961 na 1962 Natron lilifurika, na mwaka 1962 heroe walihamia Ziwa Magadi kuzaliana. Maji ya Magadi ni mazito kupita kiasi. Vifaranga waliotembea humo waliganda magadi kwenye vifundo vya miguu, yakanenepa kila siku mpaka yakawa pingu ngumu zilizowazuia kutembea. Watu waliingia ziwani kuzivunja kwa mkono, kifaranga mmoja mmoja. Natron likishindwa, mbadala wake ni huo.

Ndiyo sababu mpango wa mabwawa ya umeme kwenye Ewaso Ng'iro Kusini, yaani Oletukat, Leshota na Oldorko, megawati 180 kwa jumla, hauwezi kupimwa kwa swali la kama maji yatapungua tu. Mpango huo umewahi kujumuisha kuhamisha maji ya mto Amala kutoka bonde la Mara. Mara ingepungukiwa wakati Natron ingepokea maji matamu ya ziada. Tena bwawa la umeme husawazisha mto: hushika mafuriko ya masika na kuachia kidogo kidogo kiangazi. Kwa mashine hilo ni jambo jema. Kwa ziwa ni kinyume cha linavyoishi, maana mafuriko ya masika ndiyo yanayosukuma maji mpaka katikati na kujaza mtaro, na ukavu wa kiangazi ndio unaokaza ganda la kujengea viota. Maji matamu yakiletwa kiangazi huelea juu ya maji mazito kama mafuta juu ya mchuzi, yanalainisha ganda wakati lilipaswa kukaza. Wastani wa mwaka unaweza kubaki uleule kabisa na ziwa likaharibika.

Kuhusu kiwanda cha magadi tutakuwa wafupi kwa sababu yamesemwa mengi. Kati ya 2006 na 2008 ulikuwepo mpango wa Shirika la Maendeleo ya Taifa na mwekezaji kutoka India wa kuzalisha tani 500,000 kwa mwaka Natron. Mwekezaji alijitoa 2008, na macho ya Serikali baadaye yakaelekea Engaruka, kusini mwa ziwa, ambako magadi yako chini ya ardhi. Tunaunga mkono kuhama huko, kwa sharti moja. Magadi hayatoki bila maji matamu: ya kuoshea, ya boila, ya kupoozea mitambo, na ya mji wa wafanyakazi utakaofuata. Mji wa Magadi upande wa Kenya, ambako magadi yamechimbwa tangu miaka ya 1910, huletewa maji yake ya kunywa kwa bomba kutoka milima ya Nguruman. Engaruka nayo ni nchi ya maji ya kugawana. Magofu ya mifereji ya mawe yaliyopo pale yanaonyesha jinsi wakulima wa karne zilizopita walivyobana kila kijito kinachoshuka ukutani. Basi kabla ya kiwanda, iandikwe: lita ngapi za maji matamu kwa kila tani ya magadi, kutoka kisima au kijito kipi, na nani anayekitumia sasa.

Wapo watakaosema Magadi imechimbwa zaidi ya miaka mia na ziwa lipo, kwa nini Natron isiwezekane. Maziwa haya mawili ni ndugu lakini hayalishwi sawa. Magadi halina mto mkubwa wa kudumu. Hulishwa na chemchemi za moto zinazolizunguka, na sehemu kubwa ya uso wake ni magadi magumu. Natron linategemea mito inayotoka mbali, na uhai wake uko kwenye tope na maji mafupi. Kinachovumilika kule hakiwi kibali cha huku. Na wanawake wanaokwangua magadi ya ufukweni kwa jembe na kuyabeba kwa punda wasichanganywe na kiwanda. Hawatumii pampu wala maji matamu, na ganda wanalokwangua hurudi baada ya mvua.

Turudi kwenye vipimo, maana wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Kwenye Ewaso Ng'iro Kusini tunashauri vituo vitatu. Cha kwanza kiwe juu, chini ya makutano na mto Narok, kionyeshe Mau inatoa nini. Cha pili kiwe pale mto unapotoka kwenye makorongo na kuingia tambarare ya Nguruman, juu ya mabanio ya mashamba. Cha tatu kiwe chini ya kinamasi cha Shompole, karibu kabisa na mpaka. Tofauti kati ya cha pili na cha tatu ndiyo inayotumiwa na mashamba, mifugo na kinamasi kwa pamoja, na bila kituo hicho cha tatu Kenya haiwezi kujitetea wala Tanzania haiwezi kulalamika. Kwa Peninj, Moinik na Engaresero kitatosha kituo kimoja kimoja, juu ya banio la kwanza, pamoja na fito ndogo (mti wenye alama za kusomea kina) chini ya banio la mwisho.

Kila kituo kiwekwe mahali mto uliponyooka, kingo imara, maji hayarudi nyuma. Fito isomwe saa 12 asubuhi na saa 12 jioni, na kila saa wakati wa mafuriko. Lakini fito inasoma kina, na kina si mtiririko. Angalau mara moja kwa mwezi, na baada ya kila mafuriko makubwa, kamba ivutwe ng'ambo hadi ng'ambo, mto ugawanywe vipande visivyopungua 20, na kwa kila kipande kipimwe kina na kasi. Penye maji mafupi kasi ipimwe kwenye asilimia 60 ya kina kutoka juu. Penye kina kirefu ipimwe kwenye asilimia 20 na 80, kisha ichukuliwe wastani. Kifaa cha kasi kikiharibika, tumieni kitu kinachoelea na kupima muda kwa umbali uliojulikana, kisha zidisheni kasi hiyo kwa 0.85, kwa kuwa uso wa mto hukimbia kuliko tumbo lake. Mito hii ina sakafu ya mchanga. Mafuriko ya usiku mmoja yanaweza kuchimba nusu mita au kujaza nusu mita, na mchoro wa mwaka jana wa kubadili kina kuwa mtiririko ukawa uongo mtupu wenye namba nzuri.

Sababu ya kwanza ya takwimu mbovu, hata hivyo, ni msomaji wa fito asiyelipwa. Ni mtu wa kijijini, posho yake ndogo, ikikatika miezi mitatu hashuki tena mtoni. Daftari halikomi, linaandikwa nyumbani. Mkikuta 0.82 imeandikwa siku 21 mfululizo katikati ya masika, msilaumu mto. Walipwe kila mwezi, wawe wawili kwa kila kituo, na picha ya fito ipigwe kwa simu kila asubuhi ikionyesha maji yalipofika.

Ziwani penyewe kazi ni ngumu zaidi, na makosa yake ni ya kipekee. Bao za kupimia hutengenezwa mara nyingi kwa alumini au chuma kilichopakwa zinki. Magadi hula vyote viwili. Bao linalodumu miaka kwenye maji matamu hapa hutoboka mapema. Tumieni plastiki nzito au chuma cha pua. Wekeni nguzo tatu kwa kushuka, ya kwanza karibu na ufuo wa masika na ya mwisho ndani kabisa, zote zikiwa zimefungwa kwenye alama moja ya usawa iliyochimbiwa kwenye mwamba. Nguzo moja peke yake kiangazi huachwa kavu kilomita kadhaa kutoka kwenye maji, na kwa miezi ile muhimu kuliko yote hakuna kinachoandikwa. Magadi huganda kwenye nguzo kama nta kwenye mshumaa, kwa hiyo ikwanguliwe kila ziara. Upepo wa alasiri husukuma ziwa zima upande mmoja. Someni alfajiri kabla haujaamka, na kuwe na nguzo upande wa pili wa ziwa zisomwe saa ileile, ili upepo ujulikane kuwa ni upepo.

Kifaa cha kielektroniki kinachopima kina kwa uzito wa maji kimetengenezwa kwa maji matamu. Maji ya Natron yanapokuwa na uzito wa mara 1.2 ya maji matamu, mita 1 itasomeka mita 1.2. Kila usomaji lazima uambatane na haidromita, kifaa cha kupima uzito wa maji. Kifaa kinachopima chumvi kwa jinsi maji yanavyopitisha umeme nacho hufika mwisho wa uwezo wake kwenye maji mazito hivi, na hapo huonyesha namba ileile maji yakizidi kuwa makali. Punguzeni ukali wa sampuli kwa maji yaliyochujwa kwa mvuke, moja kwa mia, na andikeni kwamba mmepunguza. Chupa ya sampuli ijazwe mpaka kooni bila hewa, la sivyo pH itabadilika njiani. Na sampuli iliyochotwa ikiwa na joto la nyuzi 40 ikapoa usiku Arusha, magadi huganda chini ya chupa; fundi wa maabara akipima maji ya juu tu, ataandika kwamba ziwa limekuwa laini. Ipashwe joto, itikiswe, ndipo ipimwe.

Picha za setilaiti zitumike kila wiki. Hazina gharama ya kununua: zile za Landsat zipo tangu 1972, na za Sentinel-2 hupita kila siku 5. Zinaonyesha maji yametandaa wapi. Hazionyeshi kina, na programu za kompyuta huchanganya ganda jeupe na wingu, maji mekundu na ardhi, ganda lililolowa na ziwa. Mtu aliyekanyaga mahali pale na azipitie kabla hazijaingia kwenye taarifa.

Tunachoomba kwenu ni hiki. Vituo tulivyovitaja vijengwe kwa pamoja, na takwimu zake ziwekwe wazi kwa nchi zote mbili kila mwezi, katika daftari moja. Vibali vya Kenya hutolewa chini ya Sheria ya Maji ya 2016 na vya Tanzania chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009. Kila ombi jipya lijadiliwe dhidi ya jumla ya vibali vyote vya bonde, halali na vilivyokwisha muda lakini bado vinachota. Kibali kimoja cha lita 20 kwa sekunde hakimtishi mtu. Hamsini vya namna hiyo ni mita 1 ya ujazo, zile kilomita 16. Mwenye banio afunge dira ya maji au kizingiti cha kupimia, na asiye nacho asiongezewe muda. Maji ya mazingira, ambayo sheria ya 2009 inayatambua, yapangwe kwa mwezi: kiasi cha chini cha kiangazi, na pia mafuriko ya masika ambayo hakuna bwawa litakaloruhusiwa kuyashika yote. Kinamasi cha Shompole kisikaushwe wala kuchimbiwa mfereji wa kukikwepa, kwa kuwa tope kisilolikamata chenyewe litaishia kwenye mtaro wa heroe. Na tathmini yoyote ya athari kwa mazingira, ya bwawa, shamba au kiwanda, isipokelewe ikiwa haina angalau miaka mitatu ya vipimo vya mto husika, pamoja na hesabu ya kilomita za mraba ambazo ziwa litapoteza au kuongeza.

Natron lilitangazwa kuwa eneo la Ramsar, yaani ardhi oevu yenye umuhimu wa kimataifa, tarehe 4 Julai 2001, hekta 224,781. Mpaka ule uliochorwa kwenye ramani unalinda ufuo, ganda na tope. Mau haimo ndani yake, wala Narok, wala Nguruman.

Masika ndiyo majira ya kuanzia, kwa sababu kituo kilichojengwa kiangazi huwekwa chini mno na kuchukuliwa na mafuriko ya kwanza. Alama za mafuriko ya masika kwenye kingo zitaonyesha fito ifike wapi. Tunaomba mtutajie, kwa tarehe, lini mafundi wa pande zote mbili watakutana chini ya kinamasi cha Shompole kuchagua mahali pa kituo kile cha tatu. Tutakuwepo na kamba, fito na haidromita.

Wenu,
Wapimaji wa maji na wafuatiliaji wa ndege wa nyika ya Natron